Keni ya Kwanza kwenye Foleni

Mwaka wa kumi na mbili huu watu wa Oldeani wananiita Bibi Bomba, na aliyelianzisha jina hilo bado anakula anashiba, na Jumapili anasimama kwenye kwaya anafungua mdomo. Jina langu ni Monika. Mtoto wangu wa kwanza ni Emilian, kwa hiyo mwenye adabu ananiita Mama Emilian. Baada ya yale mambo wenye adabu walibaki wa vidole vya mkono mmoja, tena mkono wenyewe umekatika kidole.

Nilikuwa na ng'ombe mmoja, Rozi. Nyumba yangu na kituo cha kukusanyia maziwa vimetenganishwa na uzio wa michongoma tu. Nikimaliza kukamua nafunika keni ya maziwa, napenya kwenye uzio, nimefika. Wenzangu wanatoka kule juu karibu na msitu, wengine wanapita kwenye mashamba ya kahawa, wanatembea saa nzima kwenye baridi na ukungu. Mimi nilikuwa wa kwanza kwenye foleni kila siku, keni yangu ikifunguliwa inatoa mvuke.

Katibu wa kikundi alikuwa Eliud, na mpaka leo ni yeye. Ndiye aliyekabidhiwa kipima maziwa kilipoletwa kikundini, kile kijiti cha kioo chenye namba. Ukikitumbukiza, maziwa mazuri yanakiinua, yaliyotiwa maji yanakiacha kizame. Asubuhi moja akakitumbukiza kwenye ya kwangu kikazama. Akakitoa, akakifuta, akageukia foleni ili wote wasikie.

"Mama, umekamua ng'ombe au umefungua bomba?"

Foleni nzima ilicheka. Hata Aikaeli, jirani yangu wa nyumba ya pili, mwanamke niliyempokea mtoto wake kwa mikono hii, alicheka na khanga mdomoni. Niliapa pale pale kwamba sijatia hata tone. Eliud akasema kipimo hakina ndugu. Kesho yake kikazama, keshokutwa kikazama. Sheria ya kikundi ni mara tatu unatolewa. Nikatolewa. Mwezi haukuisha nikamuuza Rozi kwa mtu wa Mbulumbulu, maana nimkamue nimpelekee nani? Alipoondoka sikulia. Nilisimama kwenye uzio nikamtazama Eliud mpaka akaingia ndani.

Baada ya miezi michache naye Aikaeli akapimwa, kikazama, akatolewa. Nilifurahi. Sitadanganya, nilipika wali siku hiyo.

Sasa kila mwaka kuna mkutano mkuu, na kwenye mkutano inasomwa orodha ya waliopatikana na maji. Mwaka ule nilisomwa, nikanyamaza. Mwaka uliofuata nikasomwa tena, Monika, mara kumi na mbili. Nikasimama nikawauliza, mimi nyumbani sina hata mbuzi, hayo maziwa nilikamua wapi, kwenye matiti yangu? Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Eliud akagonga kompyuta yake kwa kalamu, akasema siyo yeye anayesema, ni kompyuta. Basi watu wakamalizia wenyewe, wakasema napitisha maziwa yenye maji kwenye keni za majirani. Na mwaka uliofuata mara kumi na mbili. Na uliofuata.

Nikaenda kuomba kazi ya kuosha keni na kufagia ofisi. Walidhani shida imenipiga. Shida ilikuwepo, lakini mimi nilitaka kukaa karibu na hicho kitu kinachoniandika. Januari ya kwanza Eliud alinipa madaftari yote ya foleni tangu mwanzo, na kila Januari iliyofuata ya mwaka uliokwisha, nikayachome, eti yote yameshaingia kwenye kompyuta. Mimi nilichoma majani na maboksi ya dawa za ng'ombe, moshi ukapanda, akaridhika. Madaftari niliyafunga kwenye mfuko wa pumba nikayasukuma chini ya kitanda. Sikujua nitayafanyia nini. Nilimjua tu Eliud, akitaka kitu kiungue, bora kibaki.

Shule nilisoma darasa la pili na kisomo cha watu wazima, nikaacha. Herufi kubwa nazijua. Jina langu likiandikwa kwa herufi kubwa nalitambua kama ninavyotambua mlango wangu. Na neno MAJI nalitambua.

Mwaka juzi mnunuzi wa maziwa wa Arusha akaanza kutaka ripoti kila wiki. Eliud, na miwani yake, ripoti moja ilimchukua siku nne. Anafungua faili la mwezi uliopita, analipa jina jipya, halafu anaandika namba mpya juu ya za zamani, moja moja, huku anasonya. Kamati ikachoka. Ndipo akaletwa Naisenya.

Binti wa Kimasai kutoka Olbalbal, mrefu, shanga shingoni, raba miguuni, begi la kompyuta mgongoni. Alinipa shikamoo kwa kuinamisha kichwa, kama kwao mtoto anavyompa mkubwa, nikaitikia marahaba bila kumwangalia sana. Akaniita koko. Kwao koko ni bibi. Nikajisemea, tuone. Akapita kwenye keni zangu zilizooshwa zimepinduliwa juani, akainua moja, akanusa. Akainua ya pili, akanusa. Nani kamtuma kunusa keni nilizoosha mimi?

Nilianza kumchunguza. Mtoto wa wafugaji kutoka kule kwenye vumbi anafikaje kwenye meza ya Eliud? Nikaamua moja ya mambo mawili. Ama ni mtu wake Eliud, ama kaletwa kufuta kitu. Nikawa nafagia ile ofisi mara tatu kwa siku. Sakafu iling'aa mpaka kamati wakaulizana.

Na nilichokiona hakikunipendeza. Eliud alikuwa anafanya kazi, hata kama ni ya uongo, unamwona anatoka jasho. Huyu anafungua dirisha jeusi kwenye kompyuta, jeusi tii, halina picha wala rangi, anaandika maneno mawili matatu meupe, anabonyeza. Halafu anakunja mikono. Yale madirisha ya namba, wanayaita ekseli, yanafunguka yenyewe na kujifunga yenyewe, kama mlango wa nyumba isiyo na mtu. Kazi ya siku nne inaisha kabla chai haijachemka. Yeye huyo, anatoa uzi na shanga kwenye begi, anatunga. Mtu anayelipwa kutunga shanga, utasema ni mtu mwema?

Nilimwambia Josephati, mwenyekiti wetu, mzee mpole asiyetaka ugomvi hata na nzi. Nikamwambia yule binti kazi hafanyi, anaagiza. Akaniuliza anamwagiza nani. Nikasema ndilo linalonitisha, simwoni anayeagizwa. Josephati akasema ripoti zinafika Arusha kwa wakati, niache.

Mwaka huu mwanzoni ikatangazwa habari ya mitamba. Kuna mradi unaleta mitamba kumi na tano. Unapewa mmoja, akizaa ndama jike unampitisha kwa mwenzako, basi unakuwa wako. Sharti lilikuwa moja, jina linalosomwa kwenye orodha ya maji halipewi. Orodha itasomwa mkutano mkuu, mwezi wa tatu. Mimi nina miaka sabini na moja. Mitamba mingine ikija nitakuwa nimelala kule kanisani chini ya udongo, na kwenye msalaba wataandika Bibi Bomba.

Siku moja, ilikuwa saa tano asubuhi, Eliud kaenda Karatu mjini, Naisenya katoka nje kuongea na simu. Ofisini niko peke yangu na tambara. Mara kompyuta inawaka. Hakuna aliyeigusa. Dirisha jeusi likajitokeza, maneno meupe yakaanza kukimbia, madirisha ya ekseli yakafunguka na kujifunga, halafu printa ikaunguruma ikaanza kutema karatasi. Nilisimama na tambara linachuruzika. Karatasi ya kwanza ikatoka, nikainama, na mstari wa nne kutoka juu, kwa herufi kubwa, nikajiona. MONIKA. Na pembeni yangu, MAJI.

Nikang'oa waya ukutani.

Naisenya alirudi akakuta printa imemeza karatasi nusu na mimi nimeshika waya kama nimeshika nyoka. Akauliza taratibu nani amezima.

"Mimi," nikamwambia. "Na nikiona kinawaka tena bila mtu, nakimwagia maji ya keni."

Hakukasirika, na hilo nalo lilinitia wasiwasi. Akavuta kiti akanieleza. Akasema ni kama barua ya maagizo. Anaiandika mara moja, fungua faili la kila mwezi, chukua majina, chukua vipimo, mwenye kipimo cha chini mwandikie MAJI, panga, chapa. Akishaiandika, akiita jina lake tu kwenye dirisha jeusi, kompyuta inaifuata mstari kwa mstari. Na kuanzia leo, kila Ijumaa saa tano kaiambia ijiite yenyewe. Nikamuuliza, na hiyo barua yako inajua kwamba mimi sina ng'ombe miaka kumi na moja?

Akaichukua ile karatasi, akaiangalia, akaniangalia. Kumbe kwa miezi yote hiyo alidhani Monika wa kwenye faili ni mtu mwingine, mwanachama anayeleta maziwa. Hakuna aliyewahi kuniita Monika mbele yake. Akasema polepole kwamba barua haijui nani ana ng'ombe. Inakusanya kilichoandikwa.

"Basi afadhali Eliud," nikamwambia. "Yeye kunitukana kulimchukua siku nne. Wewe dakika mbili, tena umekaa unatunga shanga."

Hilo lilimwingia. Niliona. Uso wake ulibadilika kama wa mtu aliyekanyaga mwiba na hataki kusema. Akachomeka waya, akafungua mafaili ya zamani moja baada ya jingine, Januari, Februari, mpaka miaka ya nyuma kabisa. Jina langu lilikuwepo kila mwezi, na kipimo ni kile kile, hakijapanda wala kushuka. Akasema ng'ombe gani huyo anayetoa maziwa yaleyale miaka kumi na moja, kiangazi na masika? Akauliza kama kuna kitabu chochote cha karatasi kilichobaki, cha foleni ya kila siku. Eliud kamwambia vilichomwa.

Mimi nikaendelea kukamua tambara. Sikumjibu siku hiyo. Wala kesho yake. Kama ni mtu wa Eliud, huu ndio mtego wenyewe. Mtu anakuonea huruma ili umwonyeshe ulikoficha.

Siku ya tatu nilimletea daftari moja, nimelivika khanga. Nikamwambia atalinakili mbele yangu na litarudi nyumbani kwangu jioni. Akakubali. Kwa wiki tano tukawa hivyo, kila siku daftari moja, yeye anachapa, mimi nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nahesabu kurasa zisipungue. Eliud akiingia, khanga juu ya daftari, daftari chini ya makalio yangu. Huyo binti alikuwa anacheka kimyakimya mpaka shanga zinalia.

Mtu ukikaa naye wiki tano atasema tu. Nilimhoji kama mgambo. Baba yake ni Senteu, ana boma huko Olbalbal, na kiangazi wanaswaga ng'ombe siku nzima kufuata maji. Naisenya alichunga ndama mpaka miaka tisa ndipo mmisionari mmoja akamlilia baba yake kuhusu shule. Alipomaliza chuo Arusha alipata kazi kwenye ofisi ya kambi moja ya watalii, huko mtandao unakuja na kuondoka kama mgonjwa. Kila siku alitakiwa kuandika orodha ya wageni mara sita, ya jikoni, ya madereva, ya lango la hifadhi, majina yaleyale. Siku moja akakosea jina la mgeni kwenye moja ya hizo sita, mgeni akapikiwa karanga na karanga zinamuua. Hakufa, lakini Naisenya aliona alivyovimba. Akaapa hataandika jina moja mara mbili kwa mkono. Ndipo akajifunza dirisha jeusi, peke yake, kwa kujaribu na kuharibu.

Nikamuuliza, sasa hiyo barua yako itajuaje uongo? Akaniambia habari ya baba yake. Mzee Senteu hahesabu ng'ombe, kwao si vizuri kuhesabu mali iliyo hai. Jioni anasimama kwenye lango la boma, ng'ombe wanapita, na wa mwisho akishaingia anasema, yule mwekundu mwenye pembe iliyopinda hayupo. Anazijua nyuso. Hatafuti wangapi wameingia, anatafuta nani hayupo.

"Na mimi nitaiandikia hivyo, koko," akasema. "Isinitajie waliopo. Initajie nani yupo kwenye ripoti na hayupo kwenye foleni."

Siku aliyomaliza daftari la mwisho aliniita. Akaandika neno moja kwenye dirisha jeusi, akabonyeza, akakunja mikono. Safari hii na mimi nilikunja. Karatasi zikatoka. Zilikuwa na jina langu karatasi nzima, mwezi kwa mwezi, na pembeni neno jipya akanisomea, HAYUPO. Na Aikaeli hivyo hivyo. Eliud alikuwa ananakili faili la mwezi uliopita, anaandika juu ya namba za wanaoleta maziwa, na sisi tusioleta alituacha kama tulivyo. Mwezi kwa mwezi, miaka kumi na moja, kwa uvivu tu.

Naisenya alidhani nitafurahi. Nikamwambia haitoshi.

"Hiyo inasema sikuleta maji baada ya kumuuza Rozi. Na zile siku tatu za kwanza? Zile nilikuwepo."

Akaniangalia sana. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, kweli sikutia? Nikasimama nikachukua khanga yangu niondoke, maana kama na yeye ni wa kuniuliza hivyo, basi tumemalizana. Akanishika mkono, akaniomba nikae. Akaandika tena kwenye dirisha jeusi, akafuta, akaandika. Akasema ataiambia iwapange wote waliowahi kuzamisha kipimo, siyo kwa jina, kwa kila kitu kingine kilichoandikwa kwenye daftari. Kwa mwezi, kwa lita, kwa namba ya foleni.

Kwa mwezi hakukuwa na kitu. Kwa lita hakukuwa na kitu. Kwa namba ya foleni, hata mimi nisiyesoma niliona. Zile namba zote zilikuwa moja moja moja zimesimama kama miti ya umeme. Mimi namba moja. Nilipotolewa, aliyekuwa wa kwanza akawa Aikaeli, akazama. Alipotolewa Aikaeli, wa kwanza akawa mama mmoja wa nyumba ya tatu, akazama naye akaacha mwenyewe. Baada ya hapo walibaki wa mbali tu, na hakuna aliyezama tena. Eliud alikuwa anajisifu kwamba amewasafisha wezi.

"Koko, namba moja anakaa wapi?" Naisenya akaniuliza.

Nikasema hapa hapa, si nimekwambia, uzio tu.

"Maziwa yake yakifika yana joto?"

Nikamjibu yanatoa mvuke. Akajipiga paja. Akasema hiki kijiti kinasoma maziwa yaliyopoa. Ya moto ni mepesi, kinazama hata kama hakuna tone la maji. Kwenye mafunzo wanafundishwa kupima joto kwanza, kuna kipimajoto kinachokuja pamoja, kiko wapi? Hapo ndipo nilipokumbuka. Kile kisanduku cha kipima maziwa nimekifuta vumbi miaka yote niliyofagia ile ofisi. Ndani kina sifongo yenye mashimo mawili. Moja kinalala kijiti cha kioo. La pili siku zote tupu.

Mkutano mkuu ulifanyika uwanjani pale kituoni, ukungu haujainuka vizuri. Josephati alifungua kwa sala. Naisenya akasoma karatasi ya HAYUPO, na watu wakaanza kugeuka kuniangalia mmoja mmoja. Eliud akasimama. Akasema hayo madaftari ni mali ya kikundi, yaliamriwa kuchomwa, nimeiba. Halafu akasema sawa, kunakili kulikuwa na makosa madogo, lakini kipimo cha kwanza hakikunakiliwa, alikipima mwenyewe kwa mkono wake, watu waliona. Na wazee kadhaa wakatikisa kichwa kwamba ni kweli, waliona.

Mimi nilikuwa nimekaa nyuma na keni zangu. Nikasimama.

"Aletwe ng'ombe wa Eliud," nikasema. "Akamuliwe hapa hapa, apime yeye mwenyewe."

Eliud akacheka. Alikuwa na uhakika na ng'ombe wake, na nyumba yake iko mbali kule juu, maziwa yake siku zote yalifika baridi kama mto. Josephati akatuma watu. Saa mbili nzima tulisubiri, hakuna aliyeondoka, hata waliosema wana msiba walibaki. Ng'ombe akafika akihema, akafungwa kwenye mti, mke wa Eliud akamkamua mbele ya wote. Niliosha keni mwenyewe na kuigeuza juu chini waone haina maji. Maziwa yakamiminwa kwenye chombo cha kupimia yakitoa mvuke. Eliud akatumbukiza kijiti.

Kikazama.

Akakitoa, akakifuta na shati, akatumbukiza tena. Kikazama pale pale. Mkewe akasema kwa sauti kwamba hajatia maji, wote wameona. Nikamwambia najua, mama, na mimi sikutia. Hapakuwa na kicheko. Naisenya akaweka keni ndani ya beseni la maji ya baridi, tukasubiri tena huku Josephati anapiga miayo ya woga. Maziwa yalipopoa Eliud hakutaka kupima. Akapima Josephati. Kijiti kikasimama juu kama askari.

Ndipo nikamuuliza Eliud kipimajoto kiko wapi. Nikakitoa kile kisanduku, nikakifungua, nikakipitisha safu kwa safu ili kila mtu aone lile shimo tupu. Mwisho akasema kilivunjika mwezi wa kwanza tu tangu kisanduku kiletwe, akaogopa kusema, akaona baridi ya Oldeani inatosha.

Aikaeli akaja akilia anataka kunikumbatia. Nikamwambia aende akamkumbatie mke wa Eliud, mimi nakumbuka khanga ilivyokuwa mdomoni. Naisenya alikuwa ameshaingia ofisini. Akaita ile barua yake, printa ikaunguruma, akaniletea karatasi ya mitamba. Nilimwambia anisomee herufi moja moja, naweka kidole. M, O, N, I, K, A. Nikatazama pembeni ya jina, pale panapokaa MAJI. Peupe. Nikageuza karatasi nikatazama na nyuma, maana na yeye bado simwamini sana. Nyuma nako peupe. Akasema, "Koko, hata mimi ningegeuza."

Eliud akasimama mbele yangu, kofia mkononi. "Mama Emilian," akasema, "tulikukosea."

Nikamuuliza tulikukosea ni nani, mbona namwona mmoja.

"Nilikukosea."

Nikamwambia sauti hiyo siyo. Siku ile ya bomba alisemea mpaka mwisho wa foleni, na mimi nilikuwa namba moja, ningemsikia hata angenong'ona. Aliwasemea wale wa nyuma. Basi ageuke, awasemee wa nyuma.

Akageuka. Akasema. Nikamwambia bado. Akasema tena, na safari hii hata wachuma kahawa waliokuwa wanapita barabarani walisimama kutazama ni nani aliyekosewa.